Sakinisha, Pakua, Pakia, Sanidi: Vitenzi vya Kuweka Programu katika Seva ya Linux

Kitenzi 'sakinisha' ni kauli ya kutendesha ya 'sakini', yaani kukaa mahali kwa kuishi hapo. Asili yake ni Kiarabu, lugha iliyokipa Kiswahili pia neno 'maskani'. Anayesakini amefika, ametua mizigo, majirani wamemtambua na hana safari nyingine. Waliokichagua kitenzi hiki kwa ajili ya kazi ya kompyuta walichagua vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu programu haisakini kwa kunakiliwa tu katika diski. Husakini pale mfumo unapoitambua, ukaipa mahali pake, ukaiunganisha na programu nyingine inazozitegemea, na ukajua namna ya kuiamsha kila mashine inapowashwa.

Kwa mwenye simu, tofauti hii haina uzito: anabonyeza mara moja na mambo yote hufanyika nyuma ya pazia. Katika seva ya Linux pazia halipo. Kazi moja hugawanyika katika hatua nyingi, kila hatua na kitenzi chake, na mwongozo wa Kiswahili unaochanganya vitenzi hivyo humfanya msomaji atekeleze amri sahihi mahali pasipo sahihi. Makala hii inavifafanua vitenzi hivyo kwa kufuata kazi moja: kuweka MediaWiki katika seva yenye Debian 12, ili idara ya lugha ya chuo iwe na kamusi yake mtandaoni.

MediaWiki ndiyo programu inayoendesha Wikipedia. Chimbuko lake ni programu iliyoandikwa na Magnus Manske kwa lugha ya PHP na kuanza kutumika mwaka 2002. Nyingine iliandikwa upya mwaka huohuo na Lee Daniel Crocker, na hiyo ndiyo iliyokua hadi leo. Ni programu huria, na sehemu kubwa ya menyu zake imetafsiriwa kwa Kiswahili na watu wa kujitolea. Neno 'wiki' lililomo katika jina hilo ni la Kihawaii, lenye maana ya upesi. Ward Cunningham alilitumia mwaka 1995 akikumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Katika sikio la Mswahili, hata hivyo, 'wiki' ni siku saba, na sentensi kama "Idara imeanza wiki mpya" haina budi kusomwa mara mbili. Ni salama zaidi kuandika 'tovuti ya wiki' au kuitaja programu kwa jina lake.

Kupanga na kukaa kwako

Kiswahili bado hakina neno moja lililozoeleka kwa programu ambayo mtumiaji anaiendesha katika seva yake badala ya kutegemea huduma ya kampuni. 'Kupangisha' kumeshika kwa upande wa kampuni: kampuni ni mpangishaji na mwenye tovuti ni mpangaji. Lakini mtu akiifuata jozi hiyo na kuunda 'kujipangishia', atapata picha ya mwenye nyumba anayejidai kodi mwenyewe. Usemi wa kila siku wa 'kukaa kwake' unafaa zaidi: kamusi hii inakaa kwake, idara inaendesha kamusi katika seva yake yenyewe.

Mara nyingi mashine yenyewe bado ni ya kukodi. Hali hiyo inafanana na ya mtu aliyekodi kiwanja akajenga nyumba yake. Ardhi ina mwenyewe, ila funguo, vyumba na wageni viko mikononi mwa aliyejenga, na paa likivuja ni juu yake. Mpangaji wa huduma ya kampuni, huduma ikifungwa, huondoka na kile tu alichoruhusiwa kubeba. Anayekaa kwake anayo hifadhidata nzima. Kwa kamusi iliyokusanywa kwa miaka kadhaa, pamoja na mifano ya matumizi iliyotoka vinywani mwa wazungumzaji, jambo hilo si dogo.

Kompyuta mbili, kitenzi kimoja

Kazi huanza kwa kuingia katika seva kwa njia ya SSH kutoka kompyuta mpakato. Tangu dakika hiyo kuna kompyuta mbili, moja mapajani na nyingine mbali, na dirisha moja tu mbele ya macho. Makosa mengi ya lugha katika miongozo huanzia hapa.

Akaunti yenye mamlaka yote katika Linux huitwa root. Baadhi ya wafasiri huiita 'mzizi', na msomaji aliyesoma isimu huwaza sehemu ya neno inayobaki viambishi vinapoondolewa. Akaunti hiyo ni 'mtumiaji mkuu', kwani linalozungumziwa ni mamlaka. Saraka ya kwanza kabisa ya mfumo, inayoandikwa kwa mkwaju mmoja, ndiyo inayostahili jina la 'saraka ya mzizi', maana saraka nyingine huchipuka kutoka humo kama matawi. Kiingereza kinatumia neno moja kwa vyote viwili. Kiswahili hakilazimiki kukifuata.

Amri za kwanza ni hizi:

sudo apt update
sudo apt upgrade
sudo apt install apache2 mariadb-server php php-mysql php-xml php-mbstring php-intl

Amri hazitafsiriwi, kwa kuwa mashine huzisoma herufi kwa herufi. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake, na hapo mbili za mwanzo zina mtego. Ya kwanza haibadilishi programu yoyote. Inaleta tu orodha mpya ya vifurushi vilivyopo. Ya pili ndiyo inayobadilisha vifurushi vyenyewe. Mwongozo unaosema "sasisha mfumo" kwa amri ya kwanza humfanya msomaji aamini kwamba seva yake imezibwa mianya ya usalama, kumbe imesomewa orodha tu. 'Sasisha', kitenzi kilichoundwa kutokana na 'sasa' kwa utaratibu uleule uliozaa 'rahisisha' na 'imarisha', ni kizuri, ila kitajiwe yambwa yake: sasisha orodha ya vifurushi, kisha boresha vifurushi.

Amri ya tatu ndiyo ya kusakinisha kwa maana kamili. Apache hupokea maombi ya vivinjari, MariaDB hutunza hifadhidata, PHP hutekeleza programu yenyewe. Vifurushi vya php-mbstring na php-intl vinawagusa watu wa lugha moja kwa moja, kwani ndivyo vinavyoiwezesha PHP kushughulikia maandishi yenye herufi zisizo za Kiingereza.

Sasa MediaWiki yenyewe. Jozi ya 'pakia' na 'pakua' ni mali ya zamani ya Kiswahili: shehena hupakiwa chomboni na hupakuliwa chombo kinapotia nanga, na wali hupakuliwa kutoka chunguni. Kiambishi cha kutendua kinafanya kazi ileile inayofanya katika 'funga' na 'fungua'. Katika kompyuta, kupakua ni kuleta faili kutoka mbali hadi mashine uliyopo, na kupakia ni kuipeleka mbali. Tatizo ni hilo neno 'uliyopo'. Aliyeingia katika seva kwa SSH yuko wapi? Mwili wake uko Morogoro au Eldoret, lakini amri anazoandika zinatekelezwa ndani ya seva. Akiandika amri ya wget, anayepakua ni seva. Kompyuta mpakato haipokei chochote. Mwongozo unaosema tu "pakua MediaWiki" humpeleka mwanafunzi kwenye kivinjari chake, faili ikatua katika kompyuta yake, naye akabaki akiitafuta katika seva isikokuwa. Mwongozo ulioandikwa vizuri hutaja chombo: "Ukiwa ndani ya seva, pakua faili ya MediaWiki."

Faili hiyo huja ikiwa imekunjwa, nayo hukunjuliwa kisha ikahamishiwa mahali ambapo Apache huangalia:

tar -xzf mediawiki-1.43.0.tar.gz
sudo mv mediawiki-1.43.0 /var/www/html/kamusi

Toleo la 1.43, lililotoka Desemba 2024, ni la muda mrefu, linalotunzwa kwa miaka 3. Tarakimu ya mwisho hupanda kila marekebisho ya usalama yanapotolewa, hivyo inayoandikwa iwe ile ya wakati huo. Miongozo mingi hutumia 'fungua' badala ya 'kunjua'. Si kosa, ila kitenzi hicho tayari kina kazi ya kufungua faili ili isomwe.

Kabla ya hatua inayofuata, hifadhidata huundwa ndani ya MariaDB:

CREATE DATABASE kamusi;
CREATE USER 'mtunzaji'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila-ndefu';
GRANT ALL PRIVILEGES ON kamusi.* TO 'mtunzaji'@'localhost';

Maneno 'kamusi', 'mtunzaji' na 'nywila-ndefu' ni ya kuchagua, na mwongozo useme hivyo waziwazi, la sivyo wasomaji kumi watakuwa na nywila moja. Alama za kunukuu zinazozunguka maneno hayo ni zile zilizonyooka. Mfasiri anayeandalia mwongozo wake katika programu ya kuandikia huona alama hizo zikipindwa zenyewe, na amri iliyonakiliwa kutoka katika waraka wake hukataliwa na MariaDB kwa sababu ambayo jicho halioni. Alama hiyohiyo itarudi tena chini, katika ng'.

Faili inayosafiri mara mbili

Anayefungua kwa kivinjari anwani ya seva ikifuatiwa na /kamusi/mw-config/ hukutana na kisakinishi cha MediaWiki. Kinauliza lugha, kinakagua mazingira, kinaomba jina la hifadhidata na nywila, kinaunda majedwali, na kinauliza nani aruhusiwe kuhariri. Kwa kamusi ya idara, chaguo la wahariri walioidhinishwa pekee ndilo la busara. Mwishoni kinatengeneza faili iitwayo LocalSettings.php, ambayo ndani yake mna mipangilio yote.

Faili hiyo huzaliwa katika seva, lakini kivinjari huipakua katika kompyuta mpakato. Kisha mtu mwenyewe anapaswa kuipakia katika seva, ndani ya saraka ya kamusi, kando ya index.php. Bila safari hiyo ya pili, kila anayeifungua tovuti ataambiwa kwamba kamusi haijasanidiwa. Mwongozo uliotumia 'pakua' kwa safari zote mbili, au uliokimbilia 'hamisha' ili kukwepa kuchagua, humwacha msomaji akirudia kisakinishi mara tatu nne, akiamini amekosea nywila. Hakukosea kitu. Aliambiwa alete faili ambayo tayari alikuwa nayo.

Hapa ndipo pia penye mpaka wa 'sakinisha' na 'sanidi'. Kitenzi 'sanidi' kimetumika katika miongozo kwa maana mbili, ya kusakinisha na ya kupanga mipangilio, na simu zenye menyu ya Kiswahili zimeongeza utata kwa kuweka 'sanidua' kuwa kinyume cha 'sakinisha'. Sababu yake inaeleweka: 'sakinisha' tayari imebeba kiambishi cha kutendesha na haikubali kwa urahisi kile cha kutendua, hivyo kinyume kikaazimwa kwa jirani. Kwa msomaji wa seva, afadhali 'sanidi' ibaki na maana moja, ya kuipangia programu iliyokwisha kusakini namna ya kufanya kazi. Kuhariri LocalSettings.php ni kusanidi. Mistari miwili humo inaihusu kamusi hasa:

$wgLanguageCode = "sw";
$wgCapitalLinks = false;

Wa kwanza huifanya menyu iwe ya Kiswahili. Wa pili unahitaji maelezo zaidi. Kwa kawaida MediaWiki huilazimisha herufi ya kwanza ya kila kichwa cha ukurasa iwe kubwa, kwa kuwa iliundiwa ensaiklopidia. Katika kamusi hilo ni balaa: 'pwani', nchi iliyo kando ya bahari, na 'Pwani', mkoa wa Tanzania, huwa ukurasa mmoja, 'baraka' nayo haitenganishwi na Baraka, jina la mtu. Mstari huo uandikwe kabla ya kidahizo cha kwanza kuingizwa, kwa sababu ukiongezwa baadaye kurasa zilizokwisha kuundwa hubaki na herufi kubwa na huhitaji kazi ya ziada kusahihishwa.

Kisha kuna ng'. Kwa jicho la mtu 'ng'ombe' ni neno moja, lakini kwa mashine apostrofi iliyonyooka na ile iliyopinda ni herufi mbili tofauti, na MediaWiki itaunda kurasa mbili kwa kila neno litakaloingizwa na wahariri wawili wenye kibodi tofauti. Anayetafuta 'ng'ombe' kwa simu huenda akajibiwa kwamba neno hilo halimo katika kamusi ya Kiswahili. Wahariri wakubaliane juu ya alama moja, na iliyonyooka ndiyo rahisi kupatikana, kisha kurasa za kuelekeza ziundwe kwa ile nyingine. Isitoshe, katika maandishi ya wiki apostrofi mbili zilizonyooka zinazofuatana huanzisha herufi za mlazo na tatu huanzisha herufi nene. Anayetaka kuitaja herufi ng' kwa mlazo atajikuta ameandika apostrofi tatu mwishoni, na mstari wenye herufi hizo mara mbili huweza kutoka umevurugika. Dawa ni kuifungia herufi hiyo ndani ya alama za nowiki.

Ruhusa, mlango na cheti

LocalSettings.php ina nywila ya hifadhidata, hivyo haifai kusomwa na kila akaunti iliyo katika seva:

sudo chown root:www-data LocalSettings.php
sudo chmod 640 LocalSettings.php

Tarakimu tatu ni za watu watatu: mwenye faili, kundi lake, na wengine wote. Kusoma ni 4 na kuandika ni 2. Hivyo mtumiaji mkuu husoma na kuandika, kundi la www-data linaloendesha Apache husoma tu, na wengine hawana kitu. Neno 'ruhusa' linatosha hapa. Kwa hifadhidata 'haki' imezoeleka zaidi, na hakuna ubaya wa kuyaacha maneno hayo mawili yagawane kazi.

Apache husikiliza katika mlango wa 80, na mawasiliano yaliyosimbwa hupita mlango wa 443. Mfasiri anayeandika 'bandari ya 443' amefuata kamusi ya Kiingereza akasahau kazi yenyewe. Seva haina gati wala mzani, ina milango yenye namba. Cheti cha mawasiliano salama hutolewa bila malipo na Let's Encrypt, kwa kutumia programu ya certbot, mradi seva iwe imepewa jina la kikoa. Vyeti vyake vya kawaida vimekuwa vya siku 90, na certbot katika Debian hujipangia kuvihuisha. Kitenzi ni 'huisha', kama leseni inavyohuishwa.

Nakala, na mshale mmoja

Nakala rudufu ya kamusi ina sehemu tatu: hifadhidata, saraka ya images iliyo na picha na sauti, na LocalSettings.php. Ya kwanza hutolewa hivi:

mysqldump -u mtunzaji -p kamusi > nakala.sql

Na hurejeshwa hivi:

mysql -u mtunzaji -p kamusi < nakala.sql

Miongozo kadhaa huziita kazi zote mbili 'kuhamisha hifadhidata'. Neno hilo halisemi kama data inatoka au inaingia, wala kama ile ya awali inabaki. Zaidi ya hapo, linaficha mshale. Anayerejesha nakala akageuza mshale, akaandika mysql yenye > badala ya <, hapati onyo lolote: mfumo huifuta papo hapo faili ya nakala ili uandike ndani yake, na kabla hata nywila haijaombwa faili imekuwa tupu. Ikiwa alikuwa akirejesha kwa sababu hifadhidata imeharibika, na hakuwa na nakala nyingine mahali pengine, kazi yake imeishia hapo. Kwa hiyo iandikwe 'toa nakala' na 'rejesha kutoka katika nakala', mshale ufafanuliwe kwa maneno, na nakala zinakiliwe nje ya seva kabla ya urejeshaji kujaribiwa.

Kilichobaki ni kuondoa. Amri ya apt remove huiondoa programu na kuacha faili za mipangilio, ili ikirudishwa iendelee pale ilipoachia. Hiyo ni 'ondoa'. Amri ya apt purge huondoa pia mipangilio hiyo, nayo ni 'futa kabisa'. Kwa MariaDB, Debian huuliza wakati huo kama hifadhidata zenyewe zifutwe pia. Swali huja kwa Kiingereza, katika kisanduku chenye majibu mawili tu, na mwongozo wa Kiswahili unapaswa kulitafsiri swali hilo neno kwa neno kabla msomaji hajalifikia.